Kiingereza cha Kezia

Kibondo, 5 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Mimi na mwanangu tunapumua. Barua hii anakuletea Josepha, fundi cherehani, maana simu yangu Melkiadi anaikagua.

Mume wangu bado ananipiga. Jana nilikwenda ofisi ya wanaosaidia wanawake. Mkalimani alikuwa Hashimu, rafiki yake Melkiadi. Nikaogopa, nikamwambia mimi mwenyewe daktari wao mgeni, kwa Kiingereza cha kidato cha pili: "My husband used to beat me." Yaani amezoea kunipiga. Akatabasamu, akasema amefurahi. Nikarudi nyumbani na sabuni mbili alizonipa. Shangazi, kwa nini afurahi?

Mwanao,
Kezia

Kasulu, 8 Machi

Mwanangu Kezia,

Marahaba. Miguu achana nayo. Hapo ulipojikwaa, wanafunzi wangu wengi walijikwaa. "Used to" ni jambo lililofanyika zamani likakoma. Umemwambia Melkiadi alikuwa akikupiga, sasa ameacha! Na usije ukasema "I am used to it", atadhani umezoea na huoni taabu. Sema "He beats me". Ongeza "now". Ukikwama, mwonyeshe mgongo.

Nenda mara upatapo hii.

Shangazi yako

Kasulu, 15 Machi

Kezia mwanangu,

Hujambo kweli? Josepha kanipigia: barua alikupa mkononi, na tangu juzi mlango wenu una kufuli. Nahofia amewafungia ndani, hata chakula hakipiti. Kesho nakuja. Hii namtumia Josepha, akikuona kabla yangu akupe.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa safari, na kwa kufuli ulilolikuta; sisi tulikuwa tumeshahamishwa. Mahali tulipo nimekatazwa kupataja.

Barua yako niliisomea chooni, nikaichana. Niliporudi ofisini Hashimu akaniwahi, akamwambia daktari kwa Kiingereza: "Anasema amekuja kushukuru." Kiingereza hicho nilikielewa. Nikamkatiza: "No! He beats me. Now." Sauti ilinitoka mpaka waliokaa nje wakachungulia. Daktari akamwambia Hashimu atoke, nami nikafungua vifungo vya blauzi.

Melkiadi polisi wamemhoji, wamemwachia. Anazunguka kwa ndugu akituulizia. Akifika kwako, hujui kitu.

Leo asubuhi mlango uligongwa. Nikaingia na mtoto chini ya kitanda, nikamziba mdomo kwa kiganja. Kumbe ni mama wa jikoni, kaleta uji. Mtoto alikunywa wake, akanywa na wangu.

Mwanao