Filimbi, Beseni na Baba Mkwe

Jumatano, 1 Agosti 1951

Bwana Afya amepita leo na pikipiki yake. Hakutaka hata chai. Ndui imeonekana ng'ambo ya mto, kasema, na wezi wamewavamia wasafiri kwenye nyumba ya wageni njia ya migodini. Kwa hiyo kila hoteli ijitayarishe kwa yote mawili, ugonjwa na wezi. Akirudi akakuta hatujajitayarisha, anafunga.

Mume wangu Protase alisimama wima kama askari wa gwaride – ndiyo bwana, ndiyo bwana. Pikipiki ilipotokomea akageuka kunitazama kana kwamba amepewa uliwali. Nikajua tumekwisha.

Hoteli! Vyumba sita vya udongo hapa Kaisho, bati mbele, nyasi nyuma. Lakini hoteli ndiyo tunaita, na yeye ni meneja. Mimi sijaambiwa ni nani. Nafua mashuka.

Ijumaa, 3 Agosti

Matayarisho yameanza. Filimbi ya shaba shingoni mwa Protase, halali bila hiyo. Beseni mlangoni, maji yametiwa dawa kali inayonuka hadi barabarani. Kila mgeni anawe kabla ya kuingia.

Beseni moja. Taulo moja. Nikamwuliza, Baba Rozi, maji ya wa kwanza si ndiyo anayonawa wa mwisho? Akasema dawa inaua. Basi inaua.

Na mgeni akishanawa, Protase anamkalisha, anatia mkono kwenye kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anampa punje kutoka kiganjani mwake. Kikapu kile kile ambacho kila mtu anachovya vidole tangu Pasaka. Nimelitaja hilo nalo. Akaniangalia kama nimetukana ukoo. Mgeni asiyepewa kahawa, alisema, atatangaza hadi Rugera kwamba Protase amekuwa mzungu. Ni kweli, atatangaza. Mimi mwenyewe ningetangaza.

Tumepata na mlinzi. Kashaija, mfugaji kutoka Bugomora. Amekuja na mkuki na ng'ombe wawili, maana hawezi kuwaacha. Protase kampa maagizo mbele ya wateja, kwa sauti ya kanisani: ikitangazwa karantini, aliyegusana na mgonjwa asitoke chumbani. Hata akiwa meneja.

Kashaija akauliza, hata wewe?

Hata mimi!

Kashaija akatikisa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Si mtu wa maneno. Ukimwambia jambo, limekwisha.

Jumatatu, 6 Agosti

Sostenes, dresa wa zahanati, amekuja kuchanja. Tumepanga foleni uani: mimi, Xaveria mpishi, Kashaija, wanunuzi wa kahawa waliolala hapa. Mwanangu Rozi hakuchanjwa. Ana homa ya malaria tangu juzi, na Sostenes kasema mtoto mwenye homa asubiri apone kwanza, atarudi kwa ajili yake. Miezi mitano tu ana Rozi wangu. Nilizika mmoja kabla yake. Naandika hivi nikiwa nimetulia, lakini sijatulia.

Protase alisimamia. Sogea! Kunja mkono wa shati! Usitetemeke, wewe mwanaume gani! Mkono wake mwenyewe sikuuona ukikunjwa. Jioni nikamwuliza. Akasema meneja huchanjwa mwisho, na dawa ilikwisha.

Dawa ilibaki. Niliiona kwenye chupa.

Huyu ndiye aliyeua chui kule kwao Muleba. Kila mgeni anaijua hadithi ya chui. Sindano haimo kwenye hadithi.

Nami nimepewa cheo hatimaye. Nikae mlangoni nikague mikono. Asiyekuwa na alama ya chanjo hapati chumba.

Jumatano, 8 Agosti

Leo zoezi la hatari. Wateja wanakula matoke, mara Protase anapuliza filimbi na kupiga kelele wezi, wezi! Mpango ulikuwa watu wote wajipange uani kimyakimya.

Wateja walikimbilia migombani na sahani zao. Xaveria alijifungia stoo. Kashaija alimkamata mtu mmoja tu aliyekuwa anakimbia ovyo na kupiga kelele, akamlaza chini – Protase. Sahani tatu hazijarudi hadi sasa. Wezi wenyewe wangetuonea huruma.

Halafu akapuliza tena saa kumi, na tena wakati wa kufunga kuku. Mara ya mwisho hakuna aliyenyanyuka.

Jumamosi, 11 Agosti

Bwana Afya aliagiza chumba kimoja kikae wazi kwa ajili ya mgonjwa. Tunacho, kile cha mwisho, na Protase amechora msalaba mwekundu mlangoni. Nimefungua leo nifagie. Magunia ya kahawa karibu yafike dari, kitanda kimebanwa ukutani! Na mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, nyuma yake.

Ugonjwa ukija tutahamisha, kasema. Xaveria akacheka jikoni mpaka akakaa chini. Yeye anasema ugonjwa ni kama mkwe, haupigi hodi, ukihesabu haujafika, kumbe umeshaketi. Sikumwelewa vizuri. Lakini nimecheka.

Rozi homa imeshuka. Sostenes hajarudi.

Jumanne, 14 Agosti

Baba mkwe amekuja. Mzee Rwezaura, kutoka Muleba, kwa lori la kahawa. Amekuja kumpakata Rozi na kumpa jina la ukoo. Kwetu mtoto akiwa hana jina la babu, ni kama yuko safarini bado.

Nilikuwa mlangoni pangu, kazini. Akashuka amejifunika blanketi, jua la saa saba! Nikapiga magoti, macho chini. Shikamoo Baba. Akaitikia kwa sauti ndogo. Niliona miguu yake tu, inatetemeka.

Ningefanyaje? Mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumwambia avue nguo nione bega. Nimemkagua karani wa baraza. Nimemkagua katekista, akanuna. Baba mkwe akapita. Hata kwenye beseni hakusimamishwa, Protase alisema baba yangu si mchafu.

Kahawa kutoka kiganjani. Rubisi, kibuyu kimoja, mrija mmoja, baba na mwana. Kisha Protase, midomo bado imelowa rubisi, akaja akambeba Rozi akimrusha juu na kumbusu. Mzee kasema amechoka na njia, mtoto kesho, baada ya misa ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

Nina wasiwasi na nimeona aibu kuusema.

Jumatano, 15 Agosti

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Xaveria alimpelekea Mzee maji. Akarudi kuniambia ana moto, mgongo unamuuma, hajagusa chakula, na usoni ametoka vipele. Nikamwambia Protase. Mbu, akasema. Mbu wa Kaisho wakali. Xaveria akamjibu kwamba mficha maradhi kilio humfichua, akaambiwa arudi jikoni.

Baada ya misa tukakusanyika sebuleni. Mzee kwenye kigoda, blanketi lake. Protase amevaa koti, filimbi juu ya tai. Nikasimama mlangoni na Rozi mgongoni.

Protase kasema nimlete mtoto. Sikusogea. Akasema tena, kwa sauti ile ya foleni. Wageni walikuwa wanatazama. Nikafikiria yule niliyemzika, jinsi kila mtu alivyoniambia ni homa ndogo tu, na mimi nikanyamaza kwa adabu.

Nikainua macho. Miaka minne ya ndoa, sijawahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Ana macho ya Protase. Na vipele kwenye paji, kwenye midomo, kwenye viganja vya mikono aliyonyoosha kumpokea mwanangu.

Nikasema, "Baba, shikamoo. Naomba ufunue mkono wako."

Protase akaniuliza kama nimerogwa. Alikuja kunishika, lakini Mzee alimzuia kwa kidole. Akateremsha blanketi taratibu. Bega tupu. Hakuna alama.

"Nimepita mlango wenye beseni na mkaguzi," akasema, "na mwanangu hakuniuliza kitu. Umeniuliza wewe. Mwondoe mtoto, mama."

Aliniita mama. Nikalia pale pale, sikuona haya.

Kisha nikaivuta filimbi shingoni mwa mume wangu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Hakuja mtu! Xaveria alisikika jikoni akiuliza kama meneja anacheza tena. Wageni waliokuwa uani waliinamia chai yao. Ndiyo faida ya mazoezi.

Kashaija peke yake ndiye aliyekuja, na mkuki wake. Akauliza kama ni amri. Nikasema ni amri, karantini. Akauliza nani amegusana na Mzee. Nikamtazama Protase. Watu wote wakamtazama Protase.

Alicheka kwanza. Halafu akaeleza kwamba yeye ni meneja. Halafu akaeleza tena, polepole zaidi, akirudi nyuma.

"Ulisema hata wewe," Kashaija akamwambia.

Sasa wako chumba cha mwisho, kile cha msalaba mwekundu. Magunia hayakuhamishwa, hakukuwa na muda. Mzee amelala kwenye kitanda, Protase anakaa juu ya kahawa, kichwa kinagusa dari. Tumechemsha mashuka. Beseni nimelimwaga, kikapu cha kahawa Xaveria amekitia motoni na kuomba radhi kwa sauti. Ametumwa mtu kwa baiskeli kumwita Sostenes.

Jioni Mzee aliniita dirishani, nisimame mbali. Akasema mtoto anaitwa Kemilembe, amempa kutoka hapo hapo, na inatosha. Namwomba Mungu amponye mzee huyu. Sikujua kwamba nampenda.

Alhamisi, 16 Agosti

Sostenes kafika mchana. Kemilembe amechanjwa wa kwanza. Alilia kidogo, mimi nililia zaidi. Nilimweleza kwamba Protase alimbeba juzi akitoka kunywa mrija mmoja na baba yake. Sostenes hakunidanganya. Amesema chanjo ikiwahi inaweza kuishinda ndui, nasi huenda tumewahi, tumwangalie siku hizi kumi na zaidi. Huenda. Neno gani hili la kumpa mama!

Mzee naye, Sostenes amemwona kupitia dirisha. Ndui, ndiyo. Lakini ana nguvu bado, anakunywa uji.

Protase tangu asubuhi anaendesha hoteli kutoka dirishani. Nani yuko mlangoni? Kuku wamefungwa? Bwana Afya akija mwambieni karantini imefanyika kwa amri ya meneja! Kashaija amekaa kwenye kivuli, ng'ombe pembeni, mkuki magotini.

Kisha Sostenes akasema waliogusana na mgonjwa waonyeshe alama zao, ili ajue ni nani wa kuchanjwa upesi. Meneja atoe mkono.

Kichwa kikatoweka dirishani.

Kidogo akasema yeye tayari, zamani, Muleba. Sostenes akasema vizuri, aione. Akasema wachanjwe wateja kwanza. Wateja walishachanjwa. Akasema Xaveria. Xaveria akakunja kanga akaonyesha bega lake, na kidonda cha juma lililopita, akageuka huku na huku uani kama bibi harusi.

Mwanangu huyu amebusiwa na mtu huyu. Nina hasira ambayo sijui nitaiweka wapi. Na bado nataka apone, mjinga wangu.

Sasa wote tuko uani. Sostenes ameshika sindano, dawa haikai sana nje kwenye joto, amesema hivyo mara mbili. Nimekaa kizingitini naandika, Kemilembe mgongoni, kichwa chake shingoni mwangu. Nakigusa. Nakigusa tena.

Sauti ya Mzee imetoka ndani, imechoka lakini inasikika: "Protase. Chui alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Watu wamecheka. Mimi nimesimama, nimepuliza filimbi.

Dirisha liko wazi. Mkono haujatoka.