Namba za Kichupa Kitupu

Mjomba,

Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza. Niko kwa mama hapa Kitale, nangoja matokeo. Kule nyumbani Bungoma, Kukhu, mama yako, amepanda nyasi juu ya kaburi lako kwa sababu mvua ilikuwa inachukua udongo.

Nina jambo kuhusu daftari lako la utafiti.

Likizo ile uliyougua, mkono wako ulikuwa unatetemeka, ukanipa namba nikuchoree grafu. Ulifumua uzi kwenye gunia ukanieleza: mnyororo wa polima ni kama huu, lakini mdogo hata hadubini haiuoni. Unayeyushwa ndani ya kiyeyusho, unapitishiwa eksirei, na miale inayotawanyika kwa pembe ndogo inapimwa. Mteremko wa grafu ukiwa moja, mnyororo umenyooka kama kijiti. Ukiwa mbili, umejikunja.

Nilipata karibu moja. Ulicheka. "Kijiti, bana. Si nilisema?" Ukaandika "kijiti" kwa kalamu nyekundu. Wiki mbili baadaye tulikuzika.

Juzi Kukhu alikuja kututembelea, tukawa kwenye soko la mji wa Kwanza tukipima mahindi. Nilisoma mizani ilivyo, mahindi na gunia pamoja. Kukhu akasema, "Toa gunia kwanza. Ati wewe ndiye msomi?"

Hapo nikakumbuka grafu yako. Nyuma ya daftari kulikuwa na namba za kichupa chenye kiyeyusho peke yake, bila polima. Sikuwa nimezitoa kwenye zile za polima. Nilikuchorea mahindi pamoja na gunia.

Nikarudia. Mteremko ni mbili.

Nasimiyu, mliyesoma naye chuoni, alikuwa anakuja kuchukua daftari ili kazi yako iandikwe kwa jina lako. Unanijua, hata nikiitwa darasani nilikuwa natazama chini. Nilikaribia kumpa daftari tu na kukimbilia jikoni. Lakini nilimpa grafu zote mbili, nikamwambia kosa ni langu, si la Mjomba.

Aliziweka sambamba mezani. "Kumbe ni nywele za kipilipili," akasema, akavua miwani akaifuta. "Angekubishia siku nzima, halafu angekubali."

Sijui. Ulikipenda sana hicho kijiti.

Neno lako jekundu sikulifuta. Chini yake nimeandika kwa penseli, "umejikunja", na jina langu, ili mtu akiuliza asikuulize wewe.

Pumzika, Mjomba. Chochote nitakachopima, nitatoa gunia kwanza.

Mpwa wako