Lango la Shule Limehamia Barabara ya Malori

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Kuku wa jirani bado wanamaliza mchicha wangu, na nikimwambia ananuna yeye.

Nyinyi wa ofisi ya mipango miji mlikataza duka la kamari karibu na lango la shule. Nikakusifu mtaa mzima. Sasa lango limezibwa kwa matofali, wametoboa jingine upande wa barabara ya malori, na kamari imefunguliwa palepale penye lango la zamani, ati sasa lango la shule liko mbali! Nikamuuliza fundi wa ukuta, “Nani kakutuma?” Akacheka: “Bibi, si umuulize mjukuu wako?”

Wiki ileile ukaniletea friji. Sikukuomba. Iko kwenye boksi lake mpaka leo.

Usinijibu kisomi, sikusoma, lakini si mjinga. Jana lori lilimkosakosa binti wa dada yako akitoka shule. Niambie, ni wewe au si wewe? Kama ni wewe, njoo umvushe mwenyewe kila asubuhi, nami nitasimama ng'ambo nikutazame usoni.

Ni mimi bibi yako, niliyekulea.