Bahasha ya Jumanne

Titusville, Florida
Machi 1994

Mpwa wangu Marlys,

Huku salama. Opal ameotesha nyanya, na mimi nimepata kamba ya parachuti iliyowashusha watu waliotoka mwezini. Aliyeniuzia alitetemeka aliponitambua. Roketi ile ilipopaa nilikuwa ufukweni nauza soda, na moto wake ulinikaangia mayai mfukoni. Muulize mama yako, ingawa atakataa.

Unaikumbuka bahasha iliyo juu ya televisheni yangu? Wanaanga walikosa bima ya maisha ya kutosha, basi wakasaini bahasha nyingi kabla ya safari. Rafiki yao akazipeleka posta zigongwe muhuri siku ya kuruka, ili wasiporudi, wake zao waziuze. Walirudi. Hiyo yangu ni mojawapo, na ni yako sasa.

Jumanne madaktari wa Orlando wananipasua moyo. Jambo dogo. Watu wa bima wamenikataa, kwa hiyo jana nilikaa mezani nikaanza kusaini bahasha.

Opal akasema, "Verlon, wewe hata ngazi unaiogopa. Nani atanunua saini yako?"

"Subiri tu, mke wangu."

Akacheka, kisha akaingia jikoni akafungulia bomba. Maji yalitiririka muda mrefu, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Barua hii ataiposti Jumanne asubuhi. Tazama muhuri. Ikikufikia na umeshanisikia kwenye simu nikikusimulia nilivyowachekesha madaktari, itupe bahasha ya barua hii. Simu ikiwa kimya, itunze, na umpigie Opal.

Mjomba wako,
Verlon
(saini kubwa iko nje)