Mji Wetu Umepata Mia kwa Mia, na Bi. Bernadine Hajaingia Majini

Shangazi Ardis, mimi ni msomaji wa safu yako gazetini kila Alhamisi, huwa nacheka matatizo ya wenzangu, leo nimekuja na langu, naomba unipokee.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nane, ni msimamizi wa miti ya manispaa hapa Tilden Forge, yaani tawi likiangukia gari lako anayepigiwa simu ni mimi, nina mume, anaitwa Curtis, ni fundi wa majokofu, tumeishi pamoja tangu enzi zile tulipokuwa tukijiita mabinamu na majirani kwa adabu zao walikuwa wakituuliza bibi yetu hajambo. Sisi si watu wa makelele. Ijumaa tunakwenda kula samaki wa kukaanga kama kila mtu, tunakaa meza ile ile, tunarudi nyumbani.

Sasa mwaka huu mji umepata mia kwa mia, bila shaka umeliona bango. Kuna shirika la kitaifa ambalo kila mwaka linaipima miji, sheria na huduma zake zinawajali kiasi gani watu kama sisi, wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, linauliza je ipo sheria ya kukataza ubaguzi, ipo tume ya haki za binadamu ya kupokea malalamiko, yupo mtu katika ofisi ya meya wa kutusemea, na kila ndiyo ina alama zake, na mji wetu umejibu ndiyo mwanzo mpaka mwisho na kutuma vielelezo. Meya Marlys Voight amepanga sherehe Jumamosi hii kwenye ngazi za manispaa, itakuwepo bendi ya shule, zitakuwepo soseji, na ameniomba mimi nisimame kando yake nishike ngao ya tuzo.

Kwa nini mimi, ndipo linapoanzia tatizo langu. Mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi nakata mwaloni, simu ikaita, mwanamke akajitambulisha kuwa ni Bernadine Stolz, nikamuuliza tawi liko wapi, mama.

"Si tawi, mwanangu," akasema. "Kwenye tovuti ya mji wameandika wewe ndiye mtu wa meya wa kushughulikia watu kama mimi."

Nikamwambia amekosea namba, akanisomea jina langu lote, akanisomea na namba yenyewe, ni hii hii ya miti. Shangazi, mimi ndiye mwakilishi wetu katika ofisi ya meya kwa miaka minne sasa na sikuwa na habari. Nilishuka nikaenda kwa karani, wala hakukana, alisema majibu yalikuwa yanatakiwa upesi, meya akasema mwekeni yule wa miti, hana adui, na kwa vile niliwahi kumleta Curtis kwenye karamu ya Krismasi ya wafanyakazi, ni mimi peke yangu ambaye walikuwa na uhakika naye. Nikauliza mbona hamkuniambia. "Hatukutaka kukusumbua," akasema, na nilimwamini.

Huyu Bi. Bernadine ndiye aliyeendesha basi la shule, nusu ya mji huu imepanda basi lake, wakati huo akiitwa kwa jina la kiume, akastaafu, akamzika mkewe, halafu akaamua miaka iliyobaki aiishi kama mwanamke, kwa kuwa alijijua hivyo tangu utotoni. Magoti yake yamekwisha. Daktari amemwambia afanye mazoezi ya majini, asipofanya atakalia kiti cha magurudumu, na bwawa la maji ya vuguvugu tunalo moja tu, lile la kituo cha wazee cha mji. Alipokwenda, msimamizi wa kituo, kwa upole mwingi sana, alimwambia akabadilishie nguo kwenye stoo ya mafagio, ili wenzake wasijisikie vibaya. Alibadilisha huko siku hiyo moja, kati ya ndoo, hakurudi tena, na sasa ngazi za nyumbani kwake anazipanda kwa makalio, kinyumenyume.

Sheria yetu inasema lalamiko la namna hiyo lipelekwe kwenye tume, nikaitafuta tume. Ina viti vitano. Mmoja amefariki, mmoja alihamia Arizona kwa ajili ya mapafu, mmoja alijiuzulu akafuge mbuzi, wamebaki mchungaji na mjane wa yule daktari wa meno, na wawili si akidi. Hawa wawili nilikutana nao kwenye maegesho ya magari, wakasikitika sana. Nilimuuliza meya kwa nini viti havikujazwa, akasema hakuna aliyewahi kulalamika, nikamwambia pa kulalamikia hapakuwepo, akasema hilo nalo ni la kweli.

Jumapili akaja nyumbani amebeba bakuli la tambi za kuoka kwa jodari na jibini. Unajua desturi yetu, Shangazi, bakuli la kuoka haliji mlangoni bila msiba au ombi, na sisi hatukuwa na msiba. Alikaa akaongea juu ya theluji, nasi tukaongea juu ya theluji, mpaka akasimama mlangoni amevaa koti ndipo akasema.

"Nitaijaza tume baada ya uchaguzi. Nikiteua watu watatu leo, Duane atauliza kwa nini, nitamjibu nini? Kwamba haikuwepo?"

Duane Raddatz ndiye anayeshindana naye, ameahidi kwamba akishinda ataifuta sheria yenyewe, yote, siku ya kwanza. Kwa hiyo nikiwaandikia wale wapimaji kwamba mwakilishi ni mkata miti na tume ni wafu, alama zitaporomoka, Duane atacheka, Marlys ataanguka, na sheria itakwenda naye, na Marlys si mtu mbaya, naye alipanda basi la Bernadine. Nikinyamaza nitashika ngao Jumamosi huku najua. Nilimweleza Curtis, na Curtis hajawahi kunipandishia sauti, safari hii aliweka uma mezani.

"Mji huu ulinipiga mawe nikiwa na miaka kumi na saba," akasema. "Leo umetupa mia. Wewe unataka kuirudisha?"

Bernadine nilimwahidi nitalifuatilia, nikamwambia na hizi alama mia, nikidhani atafurahi, akaniambia, "Mimi siombi alama, mwanangu. Naomba kuingia majini." Tangu siku hiyo silali vizuri. Niseme au ninyamaze? Tafadhali ficha jina langu.

Mtunza Miti, Tilden Forge

*

Mtunza Miti,

Jina lako nimelificha. Ila mji una msimamizi mmoja tu wa miti, na picha yako iko kwenye tovuti ya manispaa umevaa kofia ya kazi, kwa hiyo mimi na wewe tumejitahidi tu.

Pole. Kupewa cheo bila kuambiwa ni jambo la aibu, na aibu hiyo si yako. Nakuonea huruma pia kwa lile neno la Curtis, nililisoma nikaweka barua chini kwanza. Mwambie hakuna anayerudisha kitu. Aliyepigwa mawe akipewa mia ana haki ya kuipenda. Na karatasi hiyo si ya kudharau. Ingekuwa takataka, Duane asingehangaika kuifuta.

Huruma yangu inaishia hapo, sasa kaa nikuseme. Umelizungumza jambo hili na karani, na mchungaji, na mjane, na meya, na mumeo, halafu ukaniandikia mimi kurasa tatu za mbele na nyuma. Bernadine umempigia simu mara ngapi? Mimi nimempigia mara moja, kumwomba ruhusa ya kulichapa jina lake hapa, akasema lichape. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika mikutano yenu yote, hata ule wa maegesho, hakuna aliyekumbuka kumwita mwenye magoti. Ulimwahidi kulifuatilia. Watu wa hapa tukisema "nitalifuatilia" maana yake ni kwaheri, na mwanamke aliyeendesha basi la watoto wetu anaijua maana hiyo kuliko wewe.

Unaniuliza useme au unyamaze, kana kwamba njia ni mbili na zote zinapita kwenye lile shirika. Wapimaji waliuliza kilichoandikwa, wakajibiwa kilichoandikwa. Waache kwanza. Nisomee tena barua yako mwenyewe: kituo cha wazee ni cha nani? Cha mji. Msimamizi wake analipwa na nani? Na mji. Bosi wa mji ni nani? Ni huyo huyo aliyekaa sebuleni kwako akiongea juu ya theluji. Ili mwajiriwa wa meya aambiwe aitii sheria ya mji hahitajiki mchungaji wala mjane wala akidi. Inahitajika simu moja. Lakini ninyi mnapenda kamati, mmekaa mnaililia kamati iliyokufa huku mtu anapanda ngazi kwa makalio.

Tume ijazwe, ndiyo, kwa ajili ya wale ambao mwenye nyumba au mwajiri wao si Marlys. Ila goti halingoji uchaguzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla hujamaliza kahawa, mpigie Bernadine umwombe radhi, na umuulize yeye anataka jambo lake lisemwe kwa sauti gani na mbele ya nani. Akisema lisitajwe Jumamosi kwenye sherehe, halitajwi, hata likikuharibia hotuba. Kesho lioshe lile bakuli, na kwa kuwa mama yako alikulea vizuri hutalirudisha tupu. Mla cha mwenzie na chake huliwa, nakubali, lakini tambi hulipwa kwa mkate wa maboga, hazilipwi kwa kunyamaza. Liweke mezani kwa meya na umwambie, wewe kama mwakilishi wake katika ofisi yake, kwamba unataka mambo mawili kabla ya Jumamosi: simu kwa kituo cha wazee, na majina matatu ya tume. Majina nenda nayo, usimwachie ayatafute. La Curtis liwe la kwanza. Mtu anayeipenda mia namna ile atailinda.

Atakuambia Duane atauliza. Mwambie Duane anasoma gazeti hili, na Alhamisi hii ameshajua. Mficha uchi hazai, Marlys, na wewe nakuambia hapa hapa kwa kuwa najua unanisoma: meya aliyejaza viti vitatu vilivyokuwa wazi ana la kujibu. Meya aliyekutwa ameviacha wazi na ngao mkononi hana.

Kama Ijumaa jioni haijapigwa simu, usiende kushika chochote. Kaa nyumbani uwaandikie wapimaji ukweli, utie sahihi yako na cheo chako. Alama zikishuka zitakuwa zimeshushwa na aliyekataa kupiga simu. Lakini sidhani tutafika huko. Nimemjua Marlys tangu akiwa mdogo, si mkatili, anaogopa tu, na mwoga huwa anapona akishikwa mkono na kusogezwa mbele.

Jambo la mwisho usimwachie meya. Mazoezi ya wazee yanaanza Jumanne saa tatu asubuhi. Mwambie Bernadine asije peke yake, nitampitia kwa gari. Nina miaka sabini na nne na magoti mabovu kama yake, na vazi la kuogelea la rangi ya zambarau ambalo mji huu haujawahi kulitendea haki. Tutaingia pamoja chumba cha wanawake, na kama kuna mtu atakayemwonyesha stoo ya mafagio, basi atuonyeshe sote wawili.

Shangazi Ardis