Jina Ambalo Mama Alingoja Lisomwe

Ardhi ya Mkataba,
Ziwa la Mierebi,
Saskatchewan.
22 Julai 1962

Mpendwa mdogo wangu Zacharie,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Vancouver? Mkono ulioumia kiwandani umepona, au bado unamficha mkeo asikukataze kazi? Sisi tunaendelea. Kifua cha Alphonse kimetulia tangu theluji iishe, watoto wanakula kama mbwa mwitu, na matunda ya porini yameiva mapema. Mama nitamfikia. Usiruke mistari, nakujua.

Uliniuliza kama nilipiga kura. Nilipiga. Wewe unapiga tangu ujana wako, maana serikali ilikwisha kukufuta. Sisi wenyeji wa asili tuliobaki kwenye orodha ya mkataba wetu na serikali, ndiyo mara yetu ya kwanza kuchagua bunge la nchi nzima.

Watu hapa waliogopa, na usiwacheke. Kila mtu anamkumbuka marehemu baba. Mwaka 1938 ukitaka kura ulilazimika kulitoa jina lako katika orodha hiyo. Baba alitaka kuhesabiwa kama watu wengine. Kuandika hakujua, akaweka alama ya msalaba, na kwa alama hiyo moja akafutwa yeye, mama, na wewe mtoto wa miaka minane. Mimi niliponea kwa sababu nilikuwa nimeshaolewa na Alphonse, na jina langu limeandikwa chini ya lake. Juma lililofuata mlihamia kibandani ng'ambo ya uzio wa ardhi ya mkataba, maana aliyefutwa haruhusiwi kukaa ndani, na mama akaanza kumwita baba "Mheshimiwa". Alikuwa akimtania, lakini baba hakucheka hata siku moja.

Kwa hiyo serikali iliposema kuna sheria mpya, safari hii unapiga kura na jina linabaki, nani angeamini? Alphonse alinijia juu. "Delphine, wakikufuta utalala wapi? Kibandani kwa mama yako?" Nikamjibu, "Kwani kwa mama yangu hakulaliki?" Tulinuniana siku tatu.

Aliyenishangaza ni mama. Miaka yote alisema kalamu ndiyo iliyommaliza mumewe. Siku ya kura akavuka uzio asubuhi kabla sijawasha jiko, akaniambia, "Nenda. Halafu tungoje siku ya mkataba, tuone kama watakuita." Nilidhani ananipima moyo. Sikumuuliza zaidi, na hilo najilaumu nalo mpaka leo.

Tulipigia kura shuleni. Karani akaniuliza kwa sauti kubwa, utadhani mimi kiziwi, kama najua alama inavyowekwa. Nikamwambia, "Naijua. Kwetu tunaijua sana." Ndani kulikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi. Niliweka msalaba kama ule wa baba, nikakunja karatasi, nikatoka sina furaha yoyote. Nilirudi nyumbani kufua.

Siku ya mkataba ilikuwa tarehe kumi mwezi huu. Unaikumbuka: meza chini ya bendera, polisi wa koti jekundu, wakala wa serikali na daftari lake, kila mtu anaitwa jina na kupewa dola tano zake za kila mwaka. Tuliopiga kura tulikuwa wanne tu, na uwanja mzima ulitukodolea macho. Wakala akasoma, "Delphine, mke wa Alphonse." Nilikuwemo! Alphonse akanibana mkono, akaninong'oneza, "Haya, umeshinda, usinitambie."

Hapo ndipo nilipomwona mama. Kila mwaka hukaa nje ya uzio akitazama. Mwaka huu alikuwa ndani ya foleni, amevaa gauni la kanisani, nywele kazisuka upya. Alisimama mpaka jina la mwisho likasomwa na watu wakaanza kutawanyika. Kisha akasogea mezani.

"Mwanangu, hujanisoma," akamwambia wakala. "Agathe, mke wa Eustache. Na mwanangu Zacharie."

"Mama, ninyi mlifutwa zamani."

"Tulifutwa kwa ajili ya kura. Binti yangu kapiga, na umemwita. Sasa ututafute na sisi. Anza na Eustache."

Wakala wa sasa ni kijana, na ana adabu. Alifungua daftari akatafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa, ingawa alijua hamna kitu. Kisha akasema sheria mpya hairudi nyuma. Mama akamuuliza, "Kama huyu hana kosa, mume wangu alikosa nini?" Yule kijana alifunga daftari.

Basi kumbe ndilo alilokuwa akilingoja. Alinitanguliza mimi kama mtu anayegonga barafu kwa fimbo kabla ya kuvuka ziwa. Alidhani jina langu likisalimika, na yenu yatarudi. Angeniambia, ningemuuliza wakala mapema, faraghani, mama asiaibike mbele ya watu.

Tangu siku hiyo hali kitu, anakunywa chai tu. Muuguzi kaja mara mbili, haoni ugonjwa. Tukimtania hageuki. Jana alisema neno moja tu: "Mniweke kwa Mheshimiwa." Yaani kule kando ya barabara, alikozikwa baba baada ya wakala wa zamani kumkatalia nafasi katika makaburi yetu. Zacharie, njoo. Usingoje likizo.

Msalimie sana wifi yangu Ingrid, na umbusu mtoto Louise. Alphonse anakusalimu. Shangazi Philomène amekushonea viatu vya ngozi, anasema miguu ya mjini imelainika.

Jambo la mwisho nimeshamwambia Alphonse. Alinung'unika, lakini amekubali. Jina langu limo katika daftari, kwa hiyo makaburini nina nafasi yangu kando ya watu wake. Siitaki. Nikifa, nami nichimbiwe nje ya uzio, kwa baba na mama.

Mungu akufungulie njia, akufikishe mama angali anakutambua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye upande wowote wa uzio,
Delphine