Nguo za Watoto Zinazokuenea

Kwa mwanangu Kabula,

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa shule kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Ni sentensi nyepesi. Wengi huiandika bila kuiwaza. Leo nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi na bado sijaiandika, kwa sababu nikikuuliza hali yako utanijibu, nami naliogopa jibu.

Ulipopiga simu Jumapili nilikuwa nimesimama dukani kwa Mama Shija, hapa Mabatini, nimeziba sikio moja kwa kiganja ili nikusikie. Uliniamkia, nikaitikia. Kisha ukacheka.

"Mama, huku Uholanzi nguo zimenishinda! Koti nikivaa, mikono inavuka vidole. Sasa nanunua kwenye duka la watoto. Suruali za watoto ndizo zinanifiti."

"Zinakuenea," nikakusahihisha. "Zinanifiti si Kiswahili."

"Haya, Mwalimu. Zinanienea."

Simu ikakatika hapo hapo. Sikuwa nimekuuliza swali hata moja.

Niliurudisha mkonga wa simu mahali pake. Mama Shija akauliza, "Mtoto hajambo, Mwalimu?"

"Hajambo. Anasema anavaa nguo za watoto."

Mama Shija alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyefuata betri za redio.

"Si wale watu ni warefu! Hamkumwona yule Mholanzi aliyekuja kuchimba visima? Akikaa, magoti yanamgusa kidevu. Shati lake ukinipa mimi, nalala nalo, sihitaji shuka."

"Na mkeo je?" Mama Shija akamdakia.

"Na yeye anaenea humo humo!"

Watu walicheka, nami nikacheka. Nilitembea hadi nyumbani nikiyarudia maneno ya yule mzee kama mtu anayekariri dawa alizoandikiwa. Ni warefu. Wale watu ni warefu.

Lakini mimi ndiye niliyekushonea nguo tangu gauni la ubatizo. Unakumbuka sketi yako ya kidato cha kwanza? Ulisimama juu ya kigoda, mimi nina pini mdomoni, wewe unalalamika, "Mama, unanichoma," nami nakuambia usimame wima. Kiuno kilikuenea, lakini nyonga ziligoma. Bibi yako alikuwa amekuja kutoka Kisesa siku hiyo. Alikugeuza, akakutazama, akakupiga kofi la mapenzi. "Hizi ni zangu," akasema. "Nilidhani nitazikwa nazo, kumbe nimekuachia wewe." Ulilia kwa aibu. Nilifumua mishono yote miwili ya ubavuni usiku ule ule ili uende shule.

Urefu wa Waholanzi unaeleza mikono ya koti. Hauelezi nyonga. Mtoto wa huko, hata awe mrefu kama mlingoti, hana nyonga za bibi yako. Suruali yake imepitaje kwako?

Hapo ndipo ninapomkumbuka kaka yako Maduhu, ingawa najizuia. Nguo za mitumba zilipoanza kuingia kwa wingi, alikuwa wa kwanza kusimama penye belo linapofunguliwa, na wa kwanza kuvuka nazo kivuko cha Kigongo kwenda kuziuza ng'ambo. Alipenda kuvaa. Ndiyo maana hatukushtuka alipoanza kuvaa suruali mbili, moja ndani ya nyingine, katika jua la Mwanza. Wewe ndiye uliyegundua wakati wa kufua. Ulimwuliza mezani, mbele yetu sote, "Kaka, mbona zako ni mbili mbili?"

"Muuza nguo akivaa moja," alikujibu, "wateja watasema biashara imelala."

Ulicheka hadi uji ukakumwagikia. Suti tuliyomvalisha siku ya kumzika ilikuwa yake mwenyewe, lakini ungedhani tumeiazima kwa mtu mwingine.

Nimelifundisha neno "kukonda" darasani kuwa kinyume cha "kunenepa", basi. Zamani mtu aliweza kukusimamisha njiani akakuambia umekonda, ukamjibu ni malaria au ni mitihani. Siku hizi hapa mtaani neno hilo halitamkwi. Tukimwona mtu amepungua, tunamsifia viatu.

Picha uliyotuma wakati wa baridi naiweka ndani ya Biblia. Umevaa sweta, juu yake sweta, juu yake koti. Nimeitazama kwa miwani, kisha kwa miwani dirishani, nikiitafuta shingo yako. Umeifunga skafu. Najua ni baridi. Najua pia kwamba ulisema viazi vyao havina ladha, na samaki unaowapima maabarani hutaki tena kuwaona kwenye sahani. Labda huli tu. Nikiwaza hivyo napata nafuu. Ona nilipofika, mwanangu: nimepiga magoti nikamwomba Mungu kwamba iwe ni njaa.

Baba yako nimemwambia kwamba umepiga simu na kwamba u mzima. Habari ya duka la watoto sikumwambia. Alifurahi, akatoka kwenda kuwasimulia wenzake, nami nikabaki nimeshika mlango.

Sasa naandika nilichoshindwa kukuuliza dukani mbele za watu. Je, unaumwa? Umekwenda kupimwa? Kama hujapimwa, nenda. Kama umepimwa, niambie ulivyoambiwa, kwa maneno yale yale waliyotumia. Usinitafutie maneno laini, na usinichekeshe.

Mwenzako wa kiwanda cha samaki cha hapa Mwanza atakayekuja huko atakuletea gauni la kitenge. Nimelishona kwa vipimo vya siku ulipoondoka. Sikuongeza wala kupunguza. Likikuenea, simama ndani ya nyumba penye joto, ukiwa umevaa hilo peke yake, upigwe picha unitumie.

Likikupwaya, usilipunguze, wala usimpe fundi wa huko alipunguze. Lete gauni, lete mwili uliobaki ndani yake, uje nyumbani. Baba yako nitamwambia siku hiyo, na ng'ombe watauzwa kwa ajili ya nauli. Nitakupokea uwanjani mimi mwenyewe, na sitakuuliza neno mpaka uwe umekula.

Ni mimi,
Mama yako